Muheza vijijini: mpiga kura mmoja, karatasi tatu, na kila karatasi ina hesabu yake

Mchungwa Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka wa uchaguzi ukikaribia hurudi wimbo uleule: watu wa vijijini hawajui wanachokipigia kura, wananunuliwa kwa fulana na sahani ya ubwabwa, siku wakiamka nchi itabadilika. Anayeandika hivyo mara nyingi yuko Dar, Sinza au Mikocheni, na kijiji anakijua kwa misiba tu. Mimi nimezaliwa wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, nalima huku, na nimeshakaa chumba cha kuhesabia kura kama wakala wa chama. Jina la kijiji nalihifadhi, maana ni kidogo, mkikijua mtanijua.

Hoja yangu ni hii. Mpiga kura wa kwetu anapiga hesabu, tena kali. Kwenye uchaguzi mkuu anapewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, na kila moja anaipigia kwa sababu tofauti. Wachambuzi wanasoma ile ya kwanza peke yake, halafu wanasema wametuelewa.

Kwanza mjue kijiji chenyewe. Kina vitongoji vitatu, nitaviita Kambini, Mlimani na Barabarani.

Kambini ni uzao wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyopona safari, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Kutoka hapo Tanga yote ikageuka mashamba, na watu wakaletwa kufanya kazi kutoka Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji. Bei ilipoanguka mashamba yakafa mengi, watu wakabaki. Wajukuu wao wanaishi kwenye zile nyumba za kambi hadi leo, na wengi hawana hata ekari iliyo yao kwa karatasi. Wanalima kwa kuvizia kwenye pori la mkonge.

Mlimani ni Wabondei wenye michungwa ya urithi. Barabarani ni maduka, bodaboda, wageni, mama lishe.

Sasa niulizeni: kitongoji kipi kinachokipigia chama tawala kwa wingi kuliko vyote? Mtu wa mjini atajibu Mlimani, kwa kuwa ndiko kwenye wazee wenye heshima zao na mali zao. Hapana. Ni Kambini, walio maskini kupita wote. Na kitongoji chenye maneno ya upinzani tangu enzi za Mrema, mgombea urais wa upinzani 1995, ni Mlimani, kwa wenye mali.

Sababu haina uchawi. Mwenye michungwa yake hana anachokisubiri kwa mtendaji wala kwa mwenyekiti. Akikosana nao, mti unazaa vilevile. Wa Kambini anaishi kwenye ardhi ambayo siku yoyote anaweza kuambiwa atoke. Serikali ilishafuta hati za baadhi ya mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa hapa Muheza ili wananchi wagawiwe, na kila anayeishi kambi anajua kwamba kugawiwa au kutogawiwa kunaamuliwa na watu wenye mihuri. Kwake kura ni namna ya kukaa vizuri na mwenye muhuri. Unaweza kuuita woga. Mimi naona ni mtu anayelinda paa lake.

Pili, siri ya kura. Kura ya mtu ni siri, sawa. Lakini kituo kimoja cha kwetu kina watu mia chache, na kura zikishahesabiwa matokeo yanabandikwa ukutani palepale. Kambini wana kituo chao, Mlimani wana chao. Kesho yake asubuhi kila mtu anajua kitongoji kipi kimempa nani ngapi. Hakuna anayejua Fulani alichagua nini, ila wote wanajua "Mlimani wametusaliti". Halafu bomba la maji likichelewa kufika Mlimani, watu wanaunganisha wenyewe, iwe kweli isiwe kweli. Mjini haya hamyajui kwa sababu kituo chenu ni tone katika bahari ya kata. Huku kituo ndicho kitongoji.

Tatu, karatasi zenyewe. Ya rais watu wanaipiga kwa mazoea na kwa amani. Rais yuko mbali, hatakuja kuchimba kisima, lakini akibadilika watu wanahisi kama nyumba inatikisika. Ya mbunge iko katikati, wanaangalia nani atafungua milango wizarani. Ya diwani ndiyo ya roho. Hapo ndipo nimeona kwa macho yangu kura za chama kimoja zikipungua kwenye rundo moja na kuongezeka kwenye rundo la pili, meza ileile, watu walewale. Mwaka 2015 wimbi la Lowassa, mgombea wa upinzani, lilifika hadi kwetu (nchi nzima alitangazwa na asilimia 39.97, Magufuli wa chama tawala 58.46), lakini walioshika wimbi kwenye urais hawakumpa kura diwani wa upande huo, kwa sababu walikuwa wanamjua. Hakuwa mtu wa misiba.

Na hilo la misiba si dogo. Diwani asiyekuja na jembe makaburini, asiyetuma hata sukari kwenye arobaini, huyo hata awe na sera za dhahabu atazisomea ng'ombe.

Nne, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi: uchaguzi wetu mkali hauko Oktoba. Uko kwenye kura za maoni za CCM, pale chama tawala kinapochuja wagombea wake chenyewe. Mwaka 2010 na 2015 wanachama wote wa tawi walipiga, na hapo ndipo nilipoona ndugu wa tumbo moja wakinuniana. Mwaka 2020 ikarudi kwa wajumbe wachache wa vikao vya chama, nchi nzima ikajifunza kusema "wajumbe si watu". Kijijini kwetu mtu mwenye akili ya kutaka kumwondoa diwani anachukua kadi ya CCM, anapambana mle ndani. Wale mnaowaona wamevaa kijani kwenye picha, robo yao wamevaa ili wapate kumwangusha mwenzao aliyevaa kijani.

Nawasilisha. Karibuni, ila mje na mfano wa mahali mnapopajua.

---

Bodaboda wa Mkanyageni

Mkuu umenena, ila umetupunja sisi wa Barabarani. Mstari mmoja tu!

Sisi bodaboda ndio tunaobeba mabango ya vyama vyote. Asubuhi msafara wa kijani, jioni msafara wa bluu, mafuta wanajaza wao. Ukihesabu pikipiki kwenye msafara ukadhani ni kura umeliwa. Wengi wetu kijiweni hatukujiandikisha hapa, tumejiandikisha kwa mama zetu Korogwe, Handeni, wengine Lushoto, na siku ya kura hakuna anayepoteza siku nzima kwenda kupiga na kurudi.

---

Wakala Mstaafu

Mleta uzi, la kituo kubandika matokeo ni kweli na ni jambo jema pia, usilichafue. Ile karatasi ukutani ndiyo kinga pekee ya kura vijijini. Bila hiyo, kinachosomwa wilayani kingetofautiana na kilichohesabiwa kituoni na hakuna ambaye angejua. Mimi nimekuwa wakala chaguzi kadhaa na nakala yangu ya fomu nilikuwa naikunja ndani ya soksi.

Tatizo la upinzani vijijini ni hapo kwenye wakala. Kila kituo kinataka mtu aliyeapishwa, akae tangu saa 1 asubuhi hadi kura zihesabiwe usiku, bila kula ikibidi, na kesho yake akae kijiji kilekile na watu walewale. Mjini wakala ni kijana wa chuo, kesho hayupo. Kijijini wakala ni mpwa wa mtu, mkwe wa mtu, anayenunua chumvi duka la mtu. Chama kikimpata wa namna hiyo kimpe heshima yake. Wengi waliahidiwa posho wakaishia kupigiwa simu isiyopokelewa.

---

Mjukuu wa Manamba

Nimesoma kwa makini kwa sababu mimi ni wa kambi, si kambi yako lakini kambi zote ni moja.

Umeelewa nusu. Babu yangu aliletwa kutoka Kigoma kwa mkataba, na mpaka anakufa alikuwa anasema serikali ya Nyerere ndiyo ya kwanza kumwita ndugu. Kabla ya hapo alikuwa namba, na jina lenyewe la manamba lilikuja hivyo. Baada ya Azimio la Arusha 1967 mashamba yakataifishwa, watu wa kambi wakajiona nao wana sehemu katika nchi. Kwa hiyo kura ya Kambini ina deni la shukrani ndani yake, si paa tu. Mama yangu ardhi hana, paa lake la mabati alijinunulia mwenyewe, na bado anapiga kijani. Ukimuuliza anasema "nitawatupaje walionipa jina?"

Lakini wajukuu ndio hawana deni hilo. Mimi sikumbuki kuitwa namba. Nakumbuka shule isiyo na madawati. Kura ya kambi itabadilika kimya kimya wale wazee wakiondoka, na sidhani kama itakwenda kwa mtu mwingine. Itabaki nyumbani tu, haitatoka kwenda kupiga.

---

Mchungwa Mkavu

@Mjukuu wa Manamba umeniongezea kitu. Na hilo la mwisho tayari linaonekana kitaifa: mwaka 2010 waliojitokeza walikuwa kama asilimia 43 ya walioandikishwa, 2015 ikapanda hadi 67, 2020 ikashuka hadi kama nusu ya walioandikishwa. Watu wanasema ni uvivu. Mwaka 2015 watu walewale hawakuwa wavivu, kulikuwa na mbio zenye mshindani.

---

Mama Vikoba

Nyie wanaume mnazungumza kama vile kijiji kina wanaume watupu. Kambini, Mlimani, Barabarani, haya, wanawake wako kitongoji gani?

Niwaambie. Mistari mirefu ya asubuhi kwenye kituo huwa ni yetu. Tunafika alfajiri na watoto mgongoni kwa sababu tuna kazi za kurudi kufanya. Wanaume wanakuja saa 5 wakishamaliza kubishana kijiweni, wengine hawaji kabisa.

Na ile kauli ya vijiweni kwamba mwanamke anapiga kura ya mumewe ni porojo. Nyumba nyingi baba anasema chama chake mezani, mama anaitikia "ndiyo baba", akifika kwenye kituturi anapiga anavyojua. Nani atamuona?

Sisi tunaangalia vitu vitatu: maji, zahanati, na ile mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Mikopo ilipositishwa 2023 kikundi chetu kilikaa zaidi ya mwaka mzima kinazungusha hela yetu wenyewe. Kila mtu aliyekuja kuomba kura baada ya hapo tulimuuliza swali hilohilo, wa chama chochote. Aliyejibu kwa kuimba tulimpigia vigelegele tukamsahau.

Fulana na kanga tunachukua. Kwa nini tusichukue? Hela ni zetu zinarudi. Uchaguzi huwa Oktoba, msimu mkubwa wa machungwa umeshapita, vuli haijashika, ndani hamna kitu. Kanga ya bure nitaikataa ili nimfurahishe nani?

---

Dago la Kigombe

Dada umemaliza. Ile kanga inaoshwa, inafungia mtoto, kura inakwenda kwake.

Kuhusu kanga na ubwabwa niongeze kidogo. Kulikuwa na kifungu cha sheria kilichoruhusu takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura kwa chakula na zawadi, Mahakama Kuu ikakifuta mwaka 2006. Baada ya hapo ubwabwa haukukoma, ulibadili tu jina. Sasa unaitwa kikao cha ndani.

---

Mswahili wa Kaole

Natoka Bagamoyo, nisikilizeni na mimi.

Kwetu ule mpangilio wa karatasi tatu wa mleta uzi unageuka kichwa chini. Sisi tumetoa rais. Kikwete ni wa Msoga, alikuwa mbunge wa huku kabla ya kwenda Ikulu, na mwaka 2005 alipata asilimia 80 nchi nzima, basi piga picha huku kwetu ilikuwaje. Karatasi ya rais mwaka ule ndiyo iliyokuwa ya roho, watu waliipiga kama wanamposea mtoto wao. Za mbunge na diwani zilifuata nyuma kama gari la kuvutwa. Na alipokuja mwanawe kugombea Chalinze kwenye uchaguzi mdogo wa 2014, wazee hawakuuliza sera. Waliuliza kama anajua njia za shambani.

Kwa hiyo "mtoto wa nyumbani" ni chama kikubwa kuliko vyama vyote, angalau Pwani. Nakubali inatuletea hasara. Mtoto wa nyumbani akikosea unamsema sebuleni, humsemi barazani.

Ila wavuvi na wakulima wa mwani wa upande wa pwani ni kabila lingine kwenye kura. Kule watu wamepimiwa ardhi kwa ajili ya bandari ya Mbegani, mkataba umetiwa saini 2013, wakasubiri fidia, mradi ukasimama 2019, ukaanza kuzungumzwa tena. Mtu aliyeambiwa asijenge wala asipande mnazi kwa miaka hiyo yote anapiga kura kwa hasira au hapigi kabisa. Mtoto wa nyumbani au si wa nyumbani.

---

Kipepeo wa Amani

Nawasikiliza wa bondeni. Huku juu Amani, kwenye msitu na iliki, upinzani tunauona kwenye picha za simu. Hawapandi. Barabara ikinyesha haipitiki, mgombea anaishia Muheza mjini, anasema Amani tunawajua wako pamoja nasi. Chama tawala chenyewe kinapanda kwa sababu kina balozi kila nyumba kumi tangu enzi za TANU, chama kilichoitangulia CCM. Mvua inyeshe isinyeshe, balozi yupo, kwani anakaa hapa.

Mfumo wa vyama vingi ulipoingia 1992 balozi alitakiwa awe wa chama tu, mambo ya serikali yaende kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nani aliwaambia bibi zetu? Mgeni akilala kwangu naripoti kwa balozi. Mbuzi akila mahindi ya jirani, kwa balozi. Kijana akitaka barua ya kwenda kuomba kazi, anaanzia kwa balozi ndiyo apelekwe kwa mtendaji. Sasa mtu aliyekusuluhishia kesi ya mbuzi anakuja jioni anakwambia "tusiangushane Oktoba". Utamwambiaje hapana? Hakutishii. Ni jirani mwema kwa kweli.

Vyama vya upinzani vinafikiri vinashindana na CCM. Huku vinashindana na balozi aliyesuluhisha kesi ya mbuzi.

---

Wakala Mstaafu

@Kipepeo wa Amani hii ndiyo pointi ya uzi mzima. Naongeza: mikutano ya hadhara ilipigwa marufuku 2016 ikafunguliwa Januari 2023. Miaka sita na zaidi. Chama chenye balozi hakihitaji mkutano wa hadhara, kina jioni zote za mwaka. Chama kinachotegemea jukwaa na spika kilikauka. Mzee mmoja wa CUF, chama cha upinzani, kijijini kwetu bendera yake ilichakaa juu ya mlingoti, akaishusha akashonea mto.

---

Dago la Kigombe

CUF usiizungumzie juujuu, mkuu. Huku ufukweni, kuanzia Tanga mjini kuja Kigombe mpaka Pangani, CUF ilikuwa na mizizi. Mwaka 2015 ilichukua ubunge wa Tanga Mjini kwa Mussa Mbarouk, si mchezo. Vijijini tulikuwa na matawi, tulikuwa na ngoma, tulikuwa na wazee waliokuwa tayari kushinda njaa kituoni.

Kilichotuua ni ugomvi wa juu. Mwenyekiti Lipumba huku, katibu mkuu Maalim Seif kule, mahakama katikati, tangu 2016. Mwaka 2019 Maalim akahamia ACT-Wazalendo, kauli mbiu ikawa shusha tanga, pandisha tanga. Zanzibar lilipandishwa. Huku lilishushwa likalala pwani, hakuna aliyekuja kutuambia tupandishe lipi. Wazee wakajifungia. Vijana wakaenda wanakokwenda vijana. Mimi binafsi tangu hapo nampigia mtu, chama sitaki kukisikia.

Na wanaosema CUF ilikuwa chama cha dini, hapana. Sheikh wetu alikuwa CCM damu, na bado alizikwa na sisi.

---

Mbondei wa Magila

Kwenye dini naunga mkono. Magila ni Anglikana tangu wamisionari wa UMCA, Kigombe ni Waislamu, na bado ukiondoa majina ya watu, hesabu ya kura inafanana kwa sababu shida zinafanana. Tofauti kubwa niliyoiona mimi iko kati ya kijiji chenye lami na kisicho na lami. Penye lami watu wanasikia mambo mapema, na wanabadilika mapema.

Ila namshangaa mleta uzi kuwasifu wa Mlimani kuwa wana uhuru kwa sababu ya michungwa. Uhuru gani? Bei anapanga dalali. Kiwanda cha machungwa tunaahidiwa kila uchaguzi, na machungwa yanaozea chini ya miti. Kama mti ungempa mtu uhuru, Mlimani wote wangekuwa wapinzani.

---

Mchungwa Mkavu

@Mbondei wa Magila sikusema wana uhuru wa bei. Nimesema hawamuogopi mtendaji. Dalali anakuibia, lakini hakuulizi ulimpigia nani.

---

Kijana wa Kitongoji

Shikamooni wote. Mmesahau uchaguzi wa serikali za mitaa, na ndio unaotugusa zaidi: mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji 15 hadi 25. Hao ndio wanaogawa ardhi ya kijiji na kupitisha barua. Unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, una daftari lake la wakazi, haulingani na ule wa Oktoba.

Mwaka 2014 ulikuwa na ushindani, hata kwetu mwenyekiti mmoja wa kitongoji alitoka upinzani na mambo yalikwenda vizuri tu. Mwaka 2019 upinzani ulijitoa baada ya wagombea wake wengi kuenguliwa, watu wakapita bila kupingwa. Mwaka 2024 CCM ikatangazwa kuchukua zaidi ya asilimia 98. Mimi nina umri wa miaka 27 na sijawahi kuona karatasi ya mwenyekiti wa kitongoji yenye majina mawili. Mnazungumzia tabia ya wapiga kura. Tabia ya kuchagua nitaijengaje na jina ni moja?

---

Mzee wa Jembe na Nyumba

Marhaba mwanangu.

Swali lako limenirudisha nyuma. Enzi za chama kimoja, tangu 1965, jina la rais lilikuwa moja tu, unapiga ndiyo au hapana. Lakini ubunge walikuwa wawili, wote wa TANU, mmoja anapewa alama ya jembe, mwenzake nyumba, kwa ajili ya sisi tusiojua kusoma. Basi ugomvi uliokuwepo! Mawaziri wazima walikuwa wanaangushwa na mwalimu wa shule ya msingi. Na watu walikuwa wanabishana alama: jembe ni la mkulima, nyumba ni ya mtu aliyekwishafika. Wagombea walikuwa wanaomba wapewe jembe.

Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka kuuliza kama tunataka vyama vingi, kama wanane kwa kila kumi walisema tubaki na kimoja. Tukapewa vingi. Sasa mnaniambia vingi vimezaa jina moja kwenye kitongoji. Haya.

Lakini anachosema mleta uzi kuhusu kura za maoni ndicho hicho hicho cha jembe na nyumba. Watu wa kijijini hawakuacha kuchagua. Walihamia mahali ambapo bado kuna majina mawili.

---

Mama Vikoba

Shikamoo mzee. Tatizo ni kwamba enzi zenu jembe na nyumba mlipiga wote. Kura za maoni wanapiga wenye kadi au wajumbe. Kikundi changu kina wanawake wengi wasio na kadi ya chama chochote na hawaitaki. Kwa hesabu yenu hao wanachagulia wapi?

---

Mzee wa Jembe na Nyumba

Hapo umenishika, binti yangu.

---

Mjukuu wa Manamba

Na ndiyo maana suala la mgombea binafsi lisife. Mchungaji Mtikila alilipigania tangu miaka ya tisini, Mahakama Kuu ikampa haki, Mahakama ya Rufani ikasema 2010 hilo ni la Bunge, Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2013 ikampa haki tena. Mpaka leo huwezi kugombea hata uenyekiti wa kitongoji bila chama. Kambini tuna mwalimu mstaafu ambaye kila mtu, nasema kila mtu, angempa kura. Hataki kadi. Basi anabaki kuandikia watu barua za maombi ya shule bure, na walio na kadi wanakwenda kumuuliza waandike nini kwenye ilani zao za kata.

---

Bodaboda wa Mkanyageni

Huyo mwalimu mwambieni achukue kadi yoyote ile, chama ni basi tu la kufikia mjini.

---

Mjukuu wa Manamba

Tumemwambia. Anasema basi likimshusha njiani je? Diwani akifukuzwa uanachama kiti kinakwenda, uchaguzi unarudiwa. Amesoma huyo, usimchezee.

---

Mchungwa Mkavu

Wakuu, kabla uzi haujahamia kwenye katiba, naomba jambo moja kwa walio vijijini. Mwenye picha za matokeo yaliyobandikwa ukutani kituoni kwake, ya 2015 au 2020, karatasi zote tatu za kituo kimoja, aangalie jumla ya kura za chama kimoja kwenye urais, ubunge na udiwani. Asiweke jina la kituo hapa, aseme tu wapi zilipanda na wapi zilishuka. Kama karatasi zote tatu zinafanana, basi Kaole na Magila wana hoja kuliko mimi.

---

Wakala Mstaafu

Ninazo za 2015. Zimelowa kidogo, lakini za udiwani zinasomeka. Nipe mpaka Jumapili, ziko kwenye sanduku kwa shangazi.

---

Dago la Kigombe

Yangu ya urais ninayo, ile ya udiwani ilifungiwa vitumbua.